Nusu Mzunguko wa Skrubu

Jumatatu, 3 Machi

Injini imewaka. Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo jambo jema pekee la leo.

Ni injini ya turbo. Tuliitoa kwenye gari la mizigo lililobondeka nyuma, tukaipachika ndani ya gari dogo la zamani la mama mkwe, lile alilokuwa akiendea sokoni. Ninaposema "tuliitoa" — ni mimi na binti yangu. Yeye ndiye atakayeliendesha kwenye mashindano ya kupanda mlima, Jumamosi ya wiki ijayo. Ilipowaka aliweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. Kisha: "Sasa tunaanza na nini, Baba?"

Nilijua anachouliza. Injini bado ni ya kiwandani, kila kitu kama ilivyozaliwa. Turbo inasukuma hewa kwa presha ya nusu bar na ushee. Inatosha kubeba magunia ya viazi. Kubeba ndoto za mtu haitoshi.

Nikasema tunaanza na breki.

Shemeji yangu, mwenye gereji — kaka wa mke wangu, tunamwita Mwenyekiti kwa kuwa ni nadra kumkuta amesimama — alicheka mpaka kiti kikalia. "Shemeji, watu wanaongeza mbio, wewe unaongeza kusimama?"

Acheke. Miaka yote hii natengeneza mbio za watu wengine, na mimi mwenyewe nikiendesha hupitwa na baiskeli. Fundi anayeogopa mwendo ni kama mpishi anayeogopa chumvi. Lakini yupo, na ndiye anayeandika hapa.

Chakula tayari, naitwa. Kwenda kula nako ni kazi. Tunaishi vyumba viwili nyuma ya gereji na hatuna mlango mwingine. Tangu gari hili lisimame pale liliposimama, anayetoka au kuingia lazima apite ubavuubavu kati ya bampa na ukuta. Mke wangu hupita. Binti hupita. Mimi huacha kifungo cha shati.

Jumanne, 4 Machi

Breki za mbele zimeingia, diski kubwa za gari la familia. Nimezifunga mwenyewe na hakuna aliyenipongeza.

Mchana tulianza ekzosi mpya. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akaliona bomba, akauliza kwa nini liwe pana kama mfereji wa mvua. Nikamweleza: turbo inazungushwa na moshi. Moshi ukitoka kwa shida, turbo nayo inazunguka kwa shida. Tukiupanulia njia, inapumua.

Akafikiri kidogo. "Kumbe ni kama wewe pale kwenye bampa."

Binti alilala chini ya gari akicheka, spana ikamdondokea kifuani.

Alhamisi, 6 Machi

Ekzosi na filta ya hewa vimefungwa. Tumelijaribu gari hapa hapa mtaani. Presha imepanda yenyewe mpaka nukta saba ya bar, na hatujagusa skrubu ya kuiongezea. Wenzangu wamefurahi. Mimi nimeona mtego.

Maana kila kifaa kina ndugu zake. Ukileta ekzosi, presha inapanda. Presha ikipanda, hewa inachemka, kwa hiyo unataka kipoza hewa kikubwa. Kipoza kikubwa hakiingii mpaka ukate bampa la ndani. Hewa ikipoa inakuwa nzito, inataka mafuta zaidi, basi badilisha pampu. Pampu ikija, mtu anakuambia: si uongeze presha sasa? Umealika mgeni mmoja, umefungua mlango umekuta ukoo.

Nimemweleza binti mpaka pale ninapoishia mimi. Pistoni za injini hii ni za kiwandani. Kwenye nukta tisa zitavumilia, nimeshaziona zikivumilia. Zaidi ya hapo moja itapasuka. Labda mwakani, labda kona ya tatu. Na ikipasuka inamwaga oili, na oili inaingia chini ya tairi zako mwenyewe. Mlima ule kona yake ya tatu haina ukingo. Kuna mawe matatu yaliyopakwa chokaa, basi.

Akasikiliza vizuri. Ana adabu, tatizo si adabu. Kisha akasema Kompyuta anasema moja nukta mbili ni salama kabisa.

Kompyuta ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Anatengeneza magari bila kuvua saa. Anachomeka laptopu, anabonyeza, anaondoka. Si mtu mbaya. Ila injini zikipasuka yeye huwa ameshafika kwa mteja mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja bwana wa timu. Timu kubwa, magari yao yanasafirishwa kwenye lori. Viatu vyake vilikuwa safi na vilibaki safi, sijui alikanyaga wapi. Amewahi kumwona binti akiendesha kwenye uwanja wa vumbi. Akamwambia hivi: ingia watano wa kwanza Jumamosi, una kiti kwetu.

Kwao ni mji mwingine. Safari ya kutwa nzima.

Mwenyekiti alisimama kumsindikiza. Nimeona kwa macho yangu.

Binti amekula amesimama, amemwaga chai, ameimba. Nimemwambia hongera, mama. Namwita hivyo, ana jina la mama yangu. Nimeisema vizuri. Nafikiri niliisema vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Meza yetu ni ndogo, magoti yanajuana. Leo mazungumzo yalikuwa presha, presha, presha. Binti na Mwenyekiti upande mmoja. Mimi upande mwingine na chumvi.

Mwenyekiti: gereji itajulikana. Binti: Baba, wengine wote watakuwa juu ya bar moja, mimi nitapanda na nukta saba kama napeleka viazi? Nikasema pistoni. Mwenyekiti akasema mimi na pistoni ni kama mtu na mama mkwe, kutwa namheshimu asiyeniuliza.

Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Alipofika kwangu akauliza, kwa sauti ile ya kuuliza kama nimeshiba:

"Baba watoto, unaogopa injini ipasuke, au unaogopa mtoto aondoke?"

Nikasema mchuzi ulikuwa mzuri leo.

Hakuna aliyecheka. Binti aliniangalia, akaangalia kijiko chake. Nilitaka kutoka nje nikapate hewa, ila kutoka nje ni kupita kwenye bampa, na mtu huwezi kuondoka kwa hasira ubavuubavu. Nikabaki nimekaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kipoza kimeingia. Pampu imeingia. Klachi imeanza kuteleza, nilijua, tumeweka nzito. Ukoo mzima umefika sasa, umevua viatu.

Saa ya chai binti akaja pale kwenye benchi langu akasimama. Akasema kwa upole kwamba kesho asubuhi analipeleka gari kwa Kompyuta. Hataki kunivunjia heshima, lakini siku zinakwisha. Kama siwezi kuweka moja nukta mbili, yeye hanilazimishi.

Hanilazimishi! Mtu anakuonyesha mashimo mawili, anakuambia chagua kwa uhuru.

Nikimwacha aende kwa jirani, atarudi na presha ya kumuua na hakuna atakayeisimamia. Nikiweka mimi, nitakuwa nimeiweka mimi. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Usiende. Nitakuwekea mwenyewe."

Akanikumbatia. Akapaka mkono wangu grisi. Nimeogopa kuunawa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka. Kwa namna yangu. Sitaki kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Haya, niandike, hapa hanisomi mtu.

Skrubu ya presha iko chini ya boneti, karibu na turbo, ndogo kama jino. Niliikaza mpaka nukta tisa nikaacha hapo. Kisha nikafungua geji iliyoko mbele ya dereva, nikang'oa mshale wake, nikaurudisha ukiwa umesogea mbele. Kwa hiyo injini inasukuma nukta tisa na geji inasema moja nukta mbili. Mtoto anapata namba yake, mimi napata pistoni zangu. Niliona nimefanya hesabu ya kila mtu. Nilijiona nina akili, hiyo ndiyo dalili ambayo ningepaswa kuitilia shaka.

Leo tukaenda kujaribu, barabara ya machimbo ya kokoto, ambako malori hayapiti siku za katikati ya wiki. Gereji yetu ina sharti moja, Mwenyekiti aliliweka na limekuwa sheria: gari likijaribiwa kwa nguvu mara ya kwanza, aliyelifunga ndiye anayepanda pembeni. Fundi anayejua atapanda hasahau nati. Ni sharti zuri. Nimeliunga mkono miaka yote nikiwa na uhakika kwamba wengine ndio watakaolitumikia.

Basi nikapanda. Akakanyaga.

Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango na baadaye nikaukuta mkononi. Kokoto, anga, kokoto. Na katikati ya hofu ile yote niliusikia mluzi wa turbo ukipanda, safi, bila kugonga, bila kusita, na nikajua kwamba hii ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na yeye — jinsi anavyoingia kona. Hapigani na gari. Analiomba. Sikumfundisha hilo, mimi ningemfundisha nini.

Mwisho wa barabara nilishuka nikatapika kwa heshima nyuma ya rundo la mchanga. Niliporudi alikuwa ameegemea usukani. "Inavuta," alisema. Hilo tu.

Kisha, jioni, gereji imeshafungwa, napita pale kwenye bampa na shati langu, nikatupa jicho ndani kupitia dirishani. Injini imezimwa tangu mchana. Imepoa. Na mshale wa geji haukulala kwenye sifuri. Umelala kwenye nukta tatu.

Bila shaka. Ukiusogeza juu, unasogea juu kote, hata gari likiwa limelala. Mtu mzima mimi, spana mkononi tangu ujana, nimesahau kwamba magari huzimwa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeliona hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebandika utepe mweusi chini ya uso wa geji, unafunika sifuri na jirani zake. Binti akauliza ni wa nini. Nikamwambia unazuia mng'ao wa jua.

"Sawa," akasema.

Haraka mno. Au mimi ndiye ninayesikia vibaya. Mwenye hatia hata mlango ukilia anaitika abee.

Baadaye Kompyuta akavuka barabara, mikono mfukoni, kuja kusalimia gari. Tulikuwa tumeliwasha. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Mzee, mmeweka ngapi?"

Binti akajibu kabla yangu: moja nukta mbili.

Kompyuta akasikiliza tena. "Mbona masikioni mwangu ni kama moja haifiki."

Nikainama kutafuta kitu ambacho hakikudondoka. Nikamsikia binti juu ya kichwa changu, ametulia kabisa: "Masikio yako yameharibika kwa zile spika zako, kaka. Nenda kapunguze muziki."

Jamaa akacheka, akaondoka. Binti akazima injini, akafuta boneti kwa kitambaa, akaifuta tena mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. Hakuniangalia. Mimi bado nilikuwa nimeinama.

Ijumaa, 14 Machi

Klachi mpya imekaa. Mafuta, hewa ya tairi, maji, yote sawa.

Mwenyekiti ametangaza mezani kwamba waandaaji wanaruhusu mtu wa pili ndani ya gari, si lazima lakini wanaruhusu. Nikasema ni jambo zuri kwa wanaolitaka. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa nikaongeza kwamba gari lenyewe liko salama kama kitanda changu.

Mke wangu: "Basi lala humo."

Binti akainua macho. "Ungependa kupanda nami, Baba?"

Watu wote wananitazama. Nikisema sitaki, ina maana gari si salama. Nikisema gari si salama, watauliza nimeweka nini. Nimejijengea nyumba nzuri, nikasahau mlango.

Nikasema ningependa sana.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari, daftari juu ya goti. Tuko foleni ya kuanzia, chini ya mlima. Mbele yetu kuna magari matano. Nimefungwa mkanda wa mashindano, mabega yote mawili na kiuno, na kitufe chake cha kufungulia kiko chini ya kitambi changu, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Binti ndiye aliyenifunga. Alivuta kamba mpaka nikakumbuka nilichokula asubuhi. Helmeti imenibana masikio, kila kitu nakisikia kama kiko chumba cha pili.

Juu kule naona mawe matatu ya chokaa. Kutoka hapa yanapendeza.

Yule bwana wa timu yuko pembeni ya kamba, viatu vyake ni vilevile. Mke wangu yuko na Mwenyekiti, ambaye amekuja na kiti.

Magari manne.

Binti amezima injini isichemke tukingoja. Kisha amenyoosha kidole, akabandua ule utepe. Taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye goti la mtoto. Mshale umelala kwenye nukta tatu. Tumeutazama wote wawili.

"Nimejua tangu Jumatano," amesema. "Uliposhuka kutapika, nilizima gari."

Nimemuuliza mbona hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikaanza na pistoni. Nikasema kona ya tatu. Hakunikatiza, alinisubiri nimalize kama anavyosubiriwa mzee anayetafuta miwani. Akasema pistoni anazijua, amezisafisha kwa mikono yake. Akasema hata kuhusu nukta tisa huenda nina haki. "Ila hukuniambia ni nukta tisa, Baba. Ungeniambia ningegombana na wewe, ningelia, labda ningekubali. Ulinipa mshale wa kuchezea."

Nimeandika tu.

Magari mawili.

Amenionyesha bisibisi. Iko mfukoni mwa ovaroli yake. Amesema hivi, naandika kama alivyosema: "Ukikaa, napanda mlima na presha uliyoiweka, na sitakulaumu kwa namba nitakayopata. Ukishuka, nafungua boneti naongeza nusu mzunguko. Chochote kati ya hivyo sawa. Nataka tu uniambie mwenyewe, kwa mdomo."

Mkono wake umeshafika kwenye kitufe cha mkanda wangu. Haubonyezi. Umekaa tu hapo, una grisi kwenye kucha kama wangu.

Nikikaa, kwa uzito wangu huu na presha ile, hawezi kuingia watano wa kwanza. Atarudi nyumbani, tutakula, ataingia kwa bampa na mimi kwa bampa. Nikishuka, gari linakuwa jepesi na kali, na anaweza kuondoka kabisa, kwa njia ile nzuri au kwa njia ile nyingine, na zote mbili zinaanzia kwenye kona ile ile. Na nikijiuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyonifanya ning'oe mshale, sijui. Kweli sijui. Nimetafuta jibu tangu Jumapili na kila nikilikaribia nasifia mchuzi.

Gari la mbele yetu limeondoka. Mwenye bendera ametupungia.

Binti anasema, Baba. Nimemwambia asubiri nimalize sentensi, maana si vizuri kumkatisha mtu katikati ya sentensi, na hii bado ina safari ndefu, ina koma mbele yake, na nyingine, na mkono wake haujabonyeza wala haujaondoka, na mwenye bendera anakuja huku kwa miguu na uso umekunjamana, na mama yake kule kwenye kamba ameacha kupunga, anatutazama tu, na nikiinua kalamu hii itabidi niseme